Namna ya Kucheza Brussels Mpaka Ukatwe Kodi

Kiswahili kimetuponza kwa neno moja. Mtoto anayekimbiza mpira uani anacheza. Bibi harusi akitolewa nje, shangazi zake wanacheza. Mwigizaji aliyekesha wiki sita mpaka kurasa arobaini zikaingia kichwani, naye anacheza. Na fundi akichelewesha suruali yako hadi Idi ikapita, unamwambia: wewe unacheza na kazi. Basi kijana wa Goma, Mwanza au Kisumu akikaa na wazazi wake na kuwaambia anataka kwenda Ubelgiji kusomea kucheza, asishangae chai ikipoa vikombeni.

Mwongozo huu ni wake. Lengo ni moja: afike siku ambayo serikali ya Ubelgiji itamkata kodi kwa sababu alicheza. Siku hiyo hakuna shangazi atakayesema kijana hana kazi, maana hakuna serikali inayotoza kodi kwenye kombolela.

Nyumbani, anza na mfalme

Usianze na neno sanaa. Anza na neno mfalme, na hutakuwa umesema uongo. Chuo cha muziki na uigizaji cha mtaa wa Régence, Brussels, kinaitwa Conservatoire royal kwa Kifaransa na Koninklijk Conservatorium kwa Kiholanzi, na majina yote mawili yanasema ni cha kifalme. RITCS, chuo cha tamthilia, filamu na sauti kinachofundisha kwa Kiholanzi, herufi yake ya kwanza ni ya ufalme huohuo. Mama akisikia "chuo cha kifalme" atakaa vizuri kitini. Mpe nafasi akae.

Baba atauliza sanaa imewahi kujenga nini. Mjibu bila kupepesa macho: imejenga nchi. Agosti 25, 1830, kwenye ukumbi wa La Monnaie katikati ya Brussels, palichezwa opera ya mtunzi Auber iitwayo La Muette de Portici, hadithi ya wavuvi wa Napoli walioasi watawala wao. Njaa na hasira vilikuwa vimeshapanga kuni mjini. Opera ikaleta kiberiti. Watazamaji walitoka nje wakaungana na umati, usiku ule ukaharibika, na Oktoba 4 mwaka huohuo Ubelgiji ikatangazwa kuwa huru kutoka kwa mfalme wa Uholanzi.

Na ukitaka kumaliza kabisa ubishi, mwambie jambo ambalo mimi hunisisimua kila nikilikumbuka. Mhusika mkuu wa opera ile ni bubu. Haimbi hata neno. Anayemcheza huwa ni mcheza dansi, na kila alichonacho moyoni anakisema kwa mikono, mabega na miguu. Nchi ambayo hadi leo inagombania lugha ilizaliwa usiku ambao msichana asiye na lugha alicheza. Mwanafunzi kutoka kwetu anayeogopa kwamba Kifaransa chake kina lafudhi ya Bukavu aliandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Milango ni miwili, na ufunguo mmoja haufungui yote

Brussels ina manispaa 19, na nyingi zina majina mawili: Ixelles ni Elsene, Forest ni Vorst, Schaerbeek ni Schaarbeek, na tofauti hiyo ya mwisho inahitaji sikio la fundi redio. Utamaduni, kwa sehemu kubwa, haulipiwi na mji wenyewe. Unalipiwa na jumuiya mbili, ya Kifaransa na ya Kiflemi, kila moja na bajeti yake, vyuo vyake na kumbi zake. Conservatoire ilianzishwa mwaka 1832 ikiwa kitu kimoja. Miaka ya 1960 ikagawanywa kwa lugha, lakini jengo likabaki lilelile, kama ndugu waliogawana urithi wakashindwa kuukata ukuta. Mwaka 1962 serikali ilifungua chuo cha tamthilia na filamu kwa kila upande: INSAS kwa Kifaransa, na kwa Kiholanzi kile tunachokiita leo RITCS. Vivyo hivyo kumbi. Théâtre National ni ya Kifaransa, KVS ni ya Kiflemi, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo ambao muhindi wa kuchoma haujapoa.

Ushauri wangu: jifunze lugha moja mpaka uweze kutania kwayo, na nyingine mpaka uweze kuomba radhi kwayo. Watu wa upande wa pili watakusamehe makosa yote isipokuwa kutojaribu. Tamasha kubwa la mji huu linaloanza kila Mei, lililoanzishwa na Frie Leysen mwaka 1994, linaitwa Kunstenfestivaldesarts: Kiholanzi na Kifaransa vimeshonwa pamoja, na neno "festival" likawa uzi wa katikati kwa sababu ni la wote. Mtu wa Uvira ambaye kabla ya saa sita mchana ameshaongea Kifuliiru na mama, Kiswahili sokoni na Kifaransa ofisini anaijua mishono hiyo tangu utotoni. Hakuna atakayekupa cheti kwa hilo. Litumie hivyohivyo.

Kwa wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kuna mlango wa tatu. P.A.R.T.S., shule ya dansi iliyofunguliwa na Anne Teresa De Keersmaeker mwaka 1995 huko Forest, inafundisha kwa Kiingereza. Yeye mwenyewe alisoma Mudra, shule ambayo Maurice Béjart aliifungua Brussels mwaka 1970 na ambayo mwaka 1977 ilizaa dada yake Dakar, Mudra Afrique, chini ya Germaine Acogny. P.A.R.T.S. wamepita Waafrika Kusini kama Gregory Maqoma, Moya Michael na marehemu Dada Masilo. Wanaojaribu usaili ni wengi mno kuliko nafasi, kwa hiyo usiuze ng'ombe kwa ajili ya usaili mmoja. Ukipita, jiandae pia kwa jiko lao la makrobiotiki, yaani nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga. Wenzako wa Ulaya wataliita funzo la maisha. Wewe utauliza dona iko wapi.

Karatasi

Mwaka 2006 mwongozaji wa tamthilia Peter Brook alitengeneza kwa Kifaransa mchezo wa Sizwe Banzi, ule wa Afrika Kusini wa mtu anayebeba kitambulisho cha maiti ili aruhusiwe kufanya kazi. Mmoja wa waigizaji wawili alikuwa Pitcho Womba Konga, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji. Nautaja hapa kwa sababu ndio mchezo pekee ninaoujua ambao unamwandaa mtu kwa dawati la uhamiaji.

Upande wa Kifaransa, cheti chako cha sekondari lazima kilinganishwe na cha kwao, na maombi hayo yana mwisho: Julai 15. Tarehe hiyo ikipita, umepita na mwaka. Anza Januari. Nakala zigongwe mihuri ukiwa bado nyumbani, ambako unajua ni nani ana muhuri na anakula mchana saa ngapi. Uliza ada mapema, maana ya mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya mara nyingi ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Viza ya mwanafunzi wa nje ya Umoja huo inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ziheshimu, kwa sababu ofisi itakayozihesabu ndiyo itakayokuongezea kibali.

Na kama tayari unaishi Brussels, unasafisha ofisi alfajiri au unalea wazee wa watu, usidhani umechelewa. Sikiliza, hili wengi wetu hawalijui na linaniuma. Karibu kila manispaa ina akademia ya jioni ya sanaa, inayofadhiliwa na serikali, na watu wazima wanapokelewa. Ada yake kwa mwaka haifiki hata bei ya simu ya kawaida. Wanafundisha usemaji jukwaani, uigizaji, dansi na muziki. Nimeona watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, wakipita mbele ya mlango huo miaka kumi wakidhani ni shule ya watoto wa wakubwa. Ingia. Vaa hivyohivyo ulivyotoka kazini.

Angalia kabla ya kuonekana

Anayetaka kupika lazima ale kwa watu. Kuna shirika linaitwa Article 27, lililoanza Brussels mwaka 1999 na kuchukua jina lake kwenye kifungu cha Tamko la Haki za Binadamu kinachompa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni. Mwenye kipato kidogo anayepitia mashirika ya ustawi wa jamii anaingia ukumbini kwa euro 1.25. Waulize kwenye ofisi ya ustawi ya manispaa yako, na usione haya, haki hiyo imeandikwa.

Nenda kwa Toone pia, ukumbi wa vikaragosi vya mbao uliojificha kwenye uchochoro karibu na uwanja mkuu wa mji. Umekuwepo tangu 1830, na kila bwana wa vikaragosi anarithi jina la Toone pamoja na namba. Wa sasa ni wa nane. Vikaragosi vinatukanana kwa lahaja ya Brussels, Kifaransa kilichochovywa kwenye Kiflemi. Hutaelewa nusu. Wenyeji wengi nao hawaelewi nusu, na wanacheka yote.

Vua viatu, kisha uwe maji

Sasa masomo. Hapa ndipo simu za kwenda nyumbani zinapokuwa ngumu.

Lassaad Saïdi, Mtunisia aliyesoma kwa Jacques Lecoq jijini Paris, alifungua shule yake ya kimataifa ya tamthilia Brussels mwaka 1983. Njia ya Lecoq inaanza kwa kukunyang'anya uso. Unavalishwa barakoa isiyocheka wala kulia, unanyamaza, na unaambiwa uamke kana kwamba dunia unaiona leo. Baadaye utakuwa maji. Utakuwa moto, udongo, upepo, mti, mnyama. Mwishoni kabisa unapewa pua nyekundu ya mpira, ambayo wao huiita barakoa ndogo kuliko zote duniani, na unasimama mbele ya wenzako bila la kufanya mpaka wacheke.

Mama atapiga simu jioni kuuliza leo umesoma nini. Jibu sahihi ni: "Leo nimekuwa moto, mama." Usimfiche. Kisha mkumbushe nyanya yako, yule aliyekuwa akitoa hadithi baada ya chakula cha usiku, paukwa, pakawa, na alipofika kwa fisi hakusema "fisi akaja." Alishusha bega moja, akavuta shingo, na watoto wote wakasogea ukutani. Hakuwa na barakoa wala stashahada. Mama atanyamaza kidogo, halafu atakuambia jinsi alivyokuwa akiigiza sungura, na pengine hutaisikia tena sauti hiyo ya utoto mpaka umuulize.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona vijana wetu wengi wakifika usailini wakiwa wamejikausha, wamekariri kipande cha Racine na sauti wameazima kwa mwalimu wa redio. Kariri Racine, ndiyo, watakuuliza, na ni mwandishi mzuri. Lakini usiiache shingo ya nyanya kwenye sanduku. Mwalimu wa Brussels ameshasikia Racine mara elfu. Fisi yule hajawahi kumwona.

Kama jukwaa lenyewe si lako

Shangazi anayesema huna sura ya kuigiza huenda anasema kweli, na bado kuna kazi. Kila mtu anayeonekana amebebwa na wasioonekana: wa taa, wa sauti, wa mavazi, wa jukwaa. INSAS na RITCS zinafundisha ufundi huo, na La Cambre, iliyoanzishwa na Henry van de Velde mwaka 1927, inafundisha ubunifu wa mandhari ya jukwaa. La Monnaie ina karakana zake za kushona mavazi na kujenga mandhari. Fundi cherehani aliyezoea harusi za Kariakoo, ambaye aliwahi kuongeza sentimita nne kwenye gauni la bibi harusi huku gari la matarumbeta likipiga honi nje, ameshafuzu sehemu ngumu ya kazi hiyo. Kilichobaki ni kujifunza Kifaransa cha pini na uzi.

Njia ya Brussels inaweza kupita Nairobi

Kabla hujanunua tiketi, msikilize Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi kutoka Kongo, si kwa maneno yake bali kwa ramani yake. Amezaliwa 1974 huko Ubundu, amesoma Kisangani. Vyuo vya Zaire vilipofungwa alikwenda Nairobi, na mwaka 1997, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, wakaanzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa Kenya. Mwaka 2001 akafungua Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akazihamishia Kisangani, mji ambako wakati huo watu walikuwa bado wanahesabu makovu ya vita. Kazi zake zimeoneshwa KVS na Kunstenfestivaldesarts. Hakupita kwenye lile jengo lililogawanywa la mtaa wa Régence. Brussels ilimwita akiwa na kitu ambacho Brussels haikuwa nacho.

Carole Karemera alikwenda upande wa pili. Alizaliwa Brussels mwaka 1975 kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni, akasomea uigizaji Mons, akacheza katika Rwanda 94 ya kundi la Groupov, mchezo wa saa nyingi kuhusu mauaji ya kimbari. Mwaka 2005 akahamia Kigali, na miaka miwili baadaye yeye na wanawake wenzake wakaanzisha kituo cha sanaa cha Ishyo. Kwa hiyo ukisema unasomea Brussels ili urudi ufungue ukumbi Bukoba, hakuna mwenye haki ya kukucheka. Limeshafanyika.

Na Kiswahili chenyewe kimeshafika. Mwaka 2017 Pitcho Womba Konga aliweka KVS mchezo ulioanzia kwenye hotuba ya Patrice Lumumba ya siku ya uhuru wa Kongo, Juni 30, 1960, na jina la mchezo huo ni Kuzikiliza. Wasanifishaji wa lugha wa Unguja watatoa kalamu nyekundu waibadili z iwe s. Nawaomba waiache. Ndivyo neno linavyosikika Kongo, na lilisimama hivyo kwenye mabango ya ukumbi wa Kiflemi, kwenye mji ambao mwaka uliofuata ulimpa Lumumba uwanja wenye jina lake, kando ya Matonge.

Hesabu siku zako

Umehitimu. Hongera. Sasa mtu mwenye shali nzuri atakuambia hana pesa lakini utapata jina. Mshukuru, kisha umuulize ni siku ngapi za mkataba.

Swali hilo ndilo moyo wa mwongozo huu. Ubelgiji imelifanya jambo ambalo natamani kila nchi yetu iliige: imekubali kwa sheria kwamba kazi ya sanaa huja na mapengo, na kwamba ndani ya pengo msanii bado anafanya kazi. Anakariri, anaandika, anatafuta wafadhili, ananyoosha goti. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 imeunda tume ya kazi za sanaa, iliyoanza kupokea maombi mwaka 2024. Tume inaangalia kama unaishi sanaa kikazi, na ikiridhika inakupa hati. Hati si ya waigizaji tu. Wa taa na wa mavazi nao wamo. Ukiwa nayo, na ukathibitisha siku 156 za kazi ndani ya miezi 24, unaweza kupata posho maalumu pale unapokuwa bila mkataba. Kuihuisha posho hiyo baada ya miaka mitatu kunataka siku 78.

156. Iandike mlangoni. Siku moja ya kusoma mashairi maktabani, andika. Wiki mbili za mazoezi, hakikisha zimo kwenye mkataba, kwa sababu wapo wanaolipa maonesho na kuyasahau mazoezi. Kama huna kampuni ya kukuajiri, kuna Smart, ushirika uliozaliwa mwaka 1998 kwa ajili ya wasanii, unaoweza kukuajiri kwa niaba ya mteja na kukukatia michango yote. Kuna pia malipo madogo ya sanaa ya ridhaa, yasiyozidi siku 30 kwa mwaka. Hayana makato, yanapendeza mkononi, na hayakuongezei hata siku moja. Chukua ukiwa na njaa, lakini usijenge nyumba juu yake.

Utachoka. Utapewa nafasi ya mlinzi, ya mkimbizi, ya mlinzi tena. Icheze vizuri ya kwanza, ya pili uliza mlinzi huyo ana jina gani, ya tatu andika mchezo wako mwenyewe, na uhesabu siku za kuuandika.

Halafu mwezi mmoja, pengine Novemba, mvua nyembamba ya Brussels ikinyesha bila kukoma, itakuja karatasi ya mshahara. Juu jina lako. Chini yake kazi: mwigizaji. Kisha safu ndefu ya makato, michango ya hifadhi ya jamii, kodi, na mwisho kabisa kiasi kilichobaki. Ipige picha, uitume nyumbani. Mama ataikuza kwenye simu kwa vidole viwili, ataisoma mstari kwa mstari ingawa haijui lugha, na atakupigia kukuuliza kile anachowauliza watoto wake wote wenye kazi:

"Mwanangu, mbona wamekukata nyingi hivi?"